Siku ya Kwanza: Hedhi Iliyochelewa na Kipimo cha Mimba cha Nyumbani Kisumu na Mwambao wa Ziwa Viktoria

Utangulizi

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Methali hii hutajwa sana madarasani kama mfano wa lugha ya mafumbo, na kwa sababu hiyo maana yake ya wazi husahaulika: mambo ya uzazi hayana budi kusemwa mbele ya anayeweza kusaidia. Mjini Kisumu, kuanzia Kondele na Manyatta hadi Nyalenda na Dunga, kipimo cha mimba cha nyumbani hununuliwa katika duka la dawa, hutiwa mkobani, na kupelekwa chumbani au chooni bila neno. Hakuna ubaya katika siri hiyo. Ubaya huja pale ambapo siri huandamana na kutojua, yaani pale ambapo mwenye kipimo hajui siku ya kukitumia, hajui namna ya kusoma jibu, na hajui la kufanya baada ya jibu kupatikana.

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya hedhi kuchelewa, jinsi kipimo cha mimba kinavyofanya kazi, na sababu zinazofanya jibu la mapema liwe na uzito wa pekee kwa mkazi wa mwambao wa Ziwa Viktoria. Hoja inayoyaunganisha mambo hayo ni moja. Hesabu zote tatu, yaani ya hedhi, ya kipimo na ya umri wa ujauzito, huhitaji tarehe moja ya kuanzia, nayo ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Anayeijua tarehe hiyo huweza kujisomea hali yake. Asiyeijua hubaki akikisia.

Mwezi wa angani, mwezi wa kalenda na mwezi wa mwili

Kiswahili kimeihusisha hedhi na mwezi tangu zamani. Neno hedhi lilitoka katika Kiarabu, lakini sambamba nalo upo msemo wa kwenda mwezini, na wapo wanaosema kuwa mwanamke yumo katika siku zake. Dholuo, lugha ya wenyeji wengi wa Kisumu, huuita mwezi wa angani na mwezi wa kalenda kwa neno moja, dwe, kama vile Kiswahili kinavyotumia neno mwezi kwa maana zote mbili. Uhusiano huu una mantiki. Kutoka mwandamo hadi mwandamo, mwezi wa angani huchukua takriban siku 29 na nusu, muda unaokaribiana na mzunguko wa hedhi wa wanawake wengi.

Hata hivyo, neno hilo hilo humpoteza msikilizaji wa leo. Anapoambiwa kwamba hedhi huja kila mwezi, mawazo yake huenda kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, naye hutarajia tarehe ile ile irudi. Chukulia mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 aliyeanza hedhi tarehe 1 Machi. Hedhi inayofuata itatarajiwa tarehe 29 Machi. Mwanamke huyo ataona siku zake mara mbili ndani ya Machi, na huenda akadhani kuwa ameugua, ilhali mwili wake haujakosea hata kidogo. Mwingine mwenye mzunguko kama huo akianza tarehe 3 Januari, siku yake itakuwa tarehe 31 Januari. Akingoja hadi tarehe 3 Februari ndipo aanze kujiuliza, atakuwa amechelewa kwa siku tatu bila kujua.

Mwezi wa mwili, basi, hauhesabiwi kwa kalenda bali kwa siku. Siku ya kwanza ni ile ambayo damu ya hedhi huanza kutoka kwa kawaida yake. Matone machache ya kuchafua nguo hayahesabiwi. Mzunguko huendelea hadi siku inayotangulia hedhi nyingine. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 huchukuliwa kuwa wa kawaida, na tofauti ya siku chache kati ya mzunguko mmoja na mwingine si ugonjwa. Kwa wasichana walio katika miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo, mzunguko unaweza kufika siku 45, na wanawake wanaokaribia ukomo wa hedhi nao huona mabadiliko.

Hapa inafaa kutofautisha vitenzi viwili ambavyo katika mazungumzo huchanganywa. Hedhi huchelewa inapopita siku ambayo mwanamke huyo mwenyewe huitarajia kwa kulinganisha na mizunguko yake ya awali. Hedhi hukoseka inapokaa muda mrefu bila kuonekana. Mwanamke aliyekuwa na mzunguko wa kawaida akikaa miezi mitatu bila hedhi, na kipimo kikawa kimeonyesha kuwa hana mimba, anahitaji kuonana na daktari. Kuchelewa ni swali. Kukoseka ni dalili inayotaka uchunguzi.

Kwa nini hedhi huchelewa

Mzunguko wa hedhi una sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, homoni kutoka ubongoni huchochea ovari kukomaza yai. Sehemu ya pili huanza yai linapotoka, nayo huishia hedhi inapoanza. Sehemu hii ya pili haibadiliki sana. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hivi. Sehemu ya kwanza ndiyo inayoweza kurefuka au kufupika. Kwa hiyo, iwapo hakuna mimba, hedhi iliyochelewa mara nyingi ni matokeo ya yai lililochelewa.

Mambo yanayolichelewesha yai ni mengi. Yapo mawazo na wasiwasi, kama yale ya wakati wa mitihani au msiba. Upo upungufu wa chakula na kukonda kwa haraka. Yapo mazoezi makali na uchovu mwingi. Ipo homa kali na maradhi mengine. Lipo tatizo la tezi ya shingoni iitwayo thairoidi. Ipo pia hali ambayo ovari hushindwa kutoa yai kwa mpangilio, na ambayo kwa baadhi ya wanawake huambatana na chunusi na nywele za ziada usoni. Mama anayenyonyesha huweza kukaa miezi mingi bila hedhi, na bado akashika mimba kabla hajaiona, kwa kuwa yai hutangulia hedhi.

Njia za kupanga uzazi nazo huibadilisha hedhi. Sindano ya miezi mitatu huweza kuisimamisha kabisa, na vipandikizi vya mkononi huweza kuifanya isitabirike. Tembe ya dharura, ambayo wanafunzi wengi wa Kenya huiita P2, huweza kuifanya hedhi ije mapema au ichelewe. Hedhi ikipita siku yake kwa zaidi ya wiki moja baada ya kumeza tembe hiyo, mwanamke anashauriwa kupima mimba, kwa sababu tembe hiyo hupunguza uwezekano wa mimba lakini haiuondoi kabisa.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini wakazi wa kando ya ziwa wanajua vyema kwamba si kila wingu linalojikusanya juu ya maji hunyesha. Hedhi kuchelewa ni wingu la aina hiyo. Kwa mwanamke aliyefanya ngono, mimba ndiyo sababu ya kwanza kuchunguzwa. Hiyo si kwa kuwa ndiyo sababu pekee, bali kwa kuwa ni rahisi kuithibitisha na kuna hasara kubwa katika kuipuuza.

Kutoka shayiri na chura hadi ukanda wa karatasi

Tamaa ya kujua mapema si ya leo. Maandishi ya mafunjo ya Misri ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, yanaeleza jinsi mwanamke alivyomwagia mkojo wake mbegu za shayiri na ngano na kungoja zichipue. Mwaka 1927, wanasayansi Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin walionyesha kwamba mkojo wa mjamzito ukidungwa kwa panya jike wachanga huamsha ovari zao. Katika miaka ya 1930 nafasi ya panya ilichukuliwa na chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis. Mwanasayansi Lancelot Hogben, alipokuwa akifundisha Cape Town, alitambua kwamba chura jike wa aina hiyo hutaga mayai anapodungwa homoni, na utambuzi huo ukawa msingi wa kipimo cha mimba. Jamaa wa karibu wa chura huyo huishi pia katika bonde la Ziwa Viktoria. Kwa miongo kadhaa, hospitali za ng'ambo zilifuga vyura kwa ajili ya kazi hiyo.

Vipimo hivyo vyote vilimhitaji mtaalamu, na jibu lilimfikia mwanamke kupitia kinywa cha daktari. Mabadiliko yalianza mwaka 1967, pale Margaret Crane, msanii aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa nchini Marekani, alipobuni kifaa ambacho mwanamke angeweza kukitumia nyumbani. Kipimo cha hatua moja, kinachotoa jibu kwa mstari, kilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1988. Huyo ndiye babu wa ukanda unaouzwa leo katika maduka ya dawa ya Kisumu.

Kinachotafutwa ni kile kile kilichowaamsha panya na vyura: homoni ya ujauzito, ambayo maabara huiandika kwa kifupi hCG. Homoni hii hutengenezwa na tishu zitakazokuwa kondo la nyuma, baada ya yai lililorutubishwa kujipachika katika ukuta wa mji wa mimba. Kujipachika huko hutokea kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka. Kabla ya hapo hakuna kipimo cha mkojo kinachoweza kuona chochote. Baada ya hapo, kiasi cha homoni huongezeka takriban maradufu kila baada ya siku mbili au tatu.

Ndani ya ukanda mna kingamwili zilizounganishwa na chembe za rangi. Mkojo unapopanda katika karatasi, hCG ikiwepo hushikwa na kingamwili hizo, na kwa pamoja hunaswa kwenye mstari wa kipimo, ambao kwa kawaida huandikwa T. Kingamwili zilizobaki huendelea hadi mstari wa uthibitisho, C, unaoonyesha kwamba ukanda umefanya kazi. Wakazi wa eneo la Ziwa waliopimwa malaria kwa tone la damu, au waliojipima virusi vya UKIMWI nyumbani, wameshaiona mistari kama hiyo. Ni teknolojia ile ile, lakini kila ukanda huuliza swali lake. Kipimo cha mimba hakimwambii mtu lolote kuhusu malaria wala virusi vya UKIMWI.

Jambo hili hutosha kueleza kwa nini kuchanganya mkojo na sukari, chumvi, dawa ya meno au dawa ya kupaushia nguo hakufai. Povu linaloonekana hapo hutokana na kemikali za vitu vyenyewe, si na homoni.

Namna ya kupima na kusoma jibu

Kwanza huangaliwa pakiti. Tarehe ya mwisho wa matumizi isiwe imepita, na mfuko usiwe umetoboka. Vipimo vingi hutakiwa kuhifadhiwa katika joto lisilozidi nyuzi 30 za Selsiasi. Hilo si jambo dogo Kisumu, ambako chumba cha mabati hupita kiwango hicho mchana. Ni vyema kununua karibu na siku ya kutumia na kuweka pakiti mahali penye kivuli.

Pili huangaliwa siku. Vipimo vingi hutegemewa kuanzia siku ambayo hedhi ilitarajiwa. Mwanamke asiyejua siku hiyo, kwa sababu mzunguko wake haupangiki au hakuandika tarehe, angoje hadi siku 21 zipite tangu alipofanya ngono bila kinga kwa mara ya mwisho. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora katika siku za mwanzo, kwa kuwa haujachanganyika na maji mengi.

Tatu huangaliwa saa. Ukanda hutumbukizwa katika mkojo uliokingwa kwenye chombo safi, bila kupita alama iliyochorwa, kisha hulazwa mahali palipo sawa. Jibu husomwa katika dakika zilizoandikwa kwenye maelezo, mara nyingi kati ya 3 na 5. Mistari miwili ni mimba, hata kama mstari wa T umefifia, mradi umetokea ndani ya muda huo. Mstari mmoja wa C ni kwamba homoni haikuonekana. Mstari wa C usipotokea, ukanda umeharibika na jibu lake halihesabiki, hata T ikionekana. Mstari hafifu unaojitokeza baada ya muda kupita huweza kuwa alama tu iliyoachwa na mkojo uliokauka. Wengi wamehuzunika au kufurahi bure kwa kuuokota ukanda uliotupwa tangu asubuhi na kuusoma jioni.

Hana mimba, au hajapimika bado?

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni kuamini jibu la hapana lililopatikana mapema mno. Turudi kwa mwanamke aliyeanza hedhi tarehe 1 Machi. Kwa kawaida yai lake hutoka karibu na tarehe 15 Machi, na hedhi yake hutarajiwa tarehe 29. Lakini mwezi huo alipata homa kali, na yai likachelewa hadi tarehe 25. Akishika mimba, yai litajipachika kati ya tarehe 31 Machi na 6 Aprili. Akipima tarehe 29 Machi ataona mstari mmoja. Kipimo hakikumdanganya, kwani siku hiyo homoni haikuwepo. Aliyekosea ni yule aliyesoma jibu la siku moja kana kwamba ni hukumu ya mwisho.

Kanuni inayofaa ni kwamba jibu la hapana pamoja na hedhi isiyokuja hurudiwa baada ya wiki moja. Ikibaki hivyo, na hedhi bado haijaonekana, inafaa kwenda katika zahanati au kituo cha afya. Jibu la ndiyo, kwa upande mwingine, huwa la kweli karibu kila mara. Huweza kupotosha kwa mwanamke ambaye mimba yake imetoka wiki chache zilizopita, kwa kuwa homoni huchukua muda kuisha mwilini, au kwa aliyedungwa homoni hiyo hiyo katika matibabu ya ugumba.

Jambo moja halipaswi kungoja kipimo cha pili. Ukanda husema kwamba mimba ipo. Hausemi iko wapi. Mimba ikijipachika nje ya mji wa mimba, hasa katika mirija ya uzazi, huweza kupasua mrija na kumwaga damu ndani ya tumbo. Maumivu makali chini ya tumbo, hasa ya upande mmoja, kutokwa na damu, kizunguzungu, kuzirai, au maumivu kwenye ncha ya bega ni sababu ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Damu hiyo huweza kudhaniwa kuwa ndiyo hedhi iliyochelewa, na kosa hilo limegharimu maisha.

Wiki sita zilizozua ugomvi

Umri wa mimba hauhesabiwi tangu siku ya kushika mimba bali tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Sababu ni ya kiutendaji: siku ya hedhi huonekana, ilhali siku ya yai kurutubishwa haionekani. Matokeo yake ni kwamba siku hedhi inapotarajiwa na isije, mimba yenye umri wa kijusi wa wiki mbili huandikwa kliniki kuwa ya wiki nne.

Asiyejua kanuni hii huweza kuvunja nyumba. Chukulia mvuvi aliyekaa kisiwani Remba msimu mzima na kurudi nyumbani wiki nne zilizopita. Mkewe anakwenda kliniki na kurudi na kadi iliyoandikwa wiki sita. Mvuvi anahesabu kwa vidole, anaona kwamba wiki sita zilizopita yeye alikuwa bado majini, na ugomvi unaanza. Hesabu ya kliniki ni sahihi na mke hana kosa. Wiki mbili za mwanzo katika hesabu hiyo ni za hedhi na za kungoja yai, kabla mimba haijakuwepo. Sentensi moja ya Kiswahili au Dholuo kutoka kwa muuguzi, iliyosemwa kabla kadi haijatoka mlangoni, ingetosha.

Dholuo husema mako ich, yaani kushika tumbo, kama Kiswahili kinavyosema kushika mimba. Lugha zote mbili huitazama mimba kuanzia tukio la kushika. Kliniki huitazama kuanzia hedhi iliyotangulia. Tofauti hiyo ya lugha na tiba ndiyo inayohitaji mfasiri.

Kwa nini mapema, na kwa nini ziwani

Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye malaria nyingi zaidi, na malaria kwa mjamzito huleta upungufu wa damu, kuharibika kwa mimba na watoto wenye uzito mdogo. Katika kaunti zenye malaria nyingi, wajawazito hupewa kliniki dawa ya kinga, SP, kuanzia wiki ya 13. Haitolewi kabla ya hapo. Bila kujua mimba ilianza lini, haijulikani wiki ya 13 ni ipi. Vilevile, mwanamke mwenye homa ambaye hedhi yake imechelewa anapaswa kulisema jambo hilo kabla ya kupokea dawa yoyote. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 dawa ya mseto ya artemether na lumefantrine kwa malaria isiyo kali katika miezi mitatu ya kwanza, lakini uamuzi wa kumtibu mjamzito ni wa mhudumu wa afya, naye hawezi kuamua asiloambiwa.

Virusi vya UKIMWI ni sababu ya pili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 17.5 ya wale wa Kisumu wakiishi navyo. Bila tiba, mama huweza kumwambukiza mtoto kwa uwezekano wa kati ya asilimia 15 na 45. Akianza dawa mapema na kuendelea nazo, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Mahudhurio ya kwanza kliniki, yanayopendekezwa yawe kabla ya wiki ya 12, ndiyo yanayoufungua mlango huo, pamoja na vidonge vya madini ya chuma na foliki, kipimo cha kaswende na kundi la damu.

Sababu ya tatu ni umri. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Katika Homa Bay na Migori walikuwa asilimia 23. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 kuhusu kurejea shuleni unamruhusu mwanafunzi mjamzito kuendelea na masomo na kurudi baada ya kujifungua. Anayelijua hilo ana sababu ya kumweleza mzazi au mwalimu mapema. Asiyelijua hujificha, na anayejificha huangukia mikono ya wauza mizizi na vidonge visivyojulikana. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 26, hairuhusu utoaji wa mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya tiba ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au pale sheria nyingine inaporuhusu. Anayevuja damu baada ya mimba kuharibika, kwa namna yoyote ile, anastahili matibabu ya haraka.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Maelezo yaliyomo ndani ya pakiti mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo mno. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa, na ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mtu anayesoma kwa tabu sentensi inayomwonya asisome jibu baada ya muda kupita hajafaidika kikamilifu na bidhaa aliyoinunua.

Msamiati upo tayari: hedhi, mzunguko, yai, mji wa mimba, kondo la nyuma, kingamwili, mstari wa uthibitisho. Kinachokosekana ni karatasi moja iliyoandikwa vizuri. Mwanafunzi wa tafsiri katika chuo kikuu chochote cha ukanda huu anaweza kuitunga akishirikiana na mfamasia na muuguzi, kisha ikasomewa akina mama wa soko la Kibuye na wachuuzi wa samaki wa Dunga kabla haijapigwa chapa, ili ijulikane ni neno gani linaeleweka na lipi linamsimamisha msomaji. Kazi hiyo ingekuwa tasnifu yenye manufaa kuliko nyingi.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba hedhi kuchelewa ni swali lenye majibu mengi, kwamba ukanda wa kipimo hujibu swali moja tu kwa siku moja tu, na kwamba hesabu ya kliniki huanza kabla ya mimba yenyewe. Anayeandika siku ya kwanza ya hedhi yake, katika daftari, katika simu au kwenye kalenda ya ukutani, huwa ameshika ncha ya uzi wa mambo hayo yote. Alama hiyo ndogo haihitaji fedha wala ruhusa ya mtu, na ndiyo itakayoulizwa kwanza mezani pa muuguzi: hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi?